Laban, Samaki Wako wa Ijumaa ya Mwisho

Umetimia mwaka, Laban, tangu asubuhi ile ya Machi 2013 ambayo hukuamka katika chumba chenu cha Al Mansoura, Doha. Watu hutuuliza kama tumepoa, nasi husema tumepoa. Ukweli ni kwamba tumekufa ganzi.

Wiki nzima ulilinda malango ya watu, na kila Ijumaa ulishuka baharini Al Wakrah na mshipi wako wa kuvulia. Na maneno uliyokuwa nayo! Mkeo Damaris akichemsha samaki aina ya changu ulimwambia, "Wee, acha chumvi! Samaki wa huku huja wametiwa tayari, si kama wa Ziwa Turkana." Yeye alitia kidogo hivyo hivyo, nawe ulikula tu na kuongeza sahani.

Desturi ya kwetu Layeni, kando ya Ziwa Turkana, hukuiacha. Samaki wa kwanza si wa mvuvi. Ni wa nyumba isiyo na mvuvi. Huko Doha ulikuwa ukimpelekea Fatuma wa Zanzibar, jirani yenu aliyeishi peke yake. Ijumaa ile ya mwisho Fatuma alikuwa amesharudi kwao kabisa. Ukamtia samaki kwenye friza ukasema, "Mwenye samaki huyu nitamtafuta kesho." Kesho yake ndiyo hukuamka.

Damaris alikaa na samaki yule mwaka mzima. Kumla hawezi, si wake. Kumtupa hawezi. Ndugu yako Levis, aliye huko Doha pia, alipojaribu kumtoa alifokewa mpaka akaomba radhi.

Juzi Damaris akampigia mama yako simu.

"Mama, huyu samaki nimpe nani?"

"Nyumba isiyo na mvuvi."

"Na huku ni ipi?"

"Mwanangu, si ni yako?"

Damaris alikata simu bila kuaga. Akamtoa samaki, akampika, akamla amesimama palepale jikoni. Anasema alikuwa na ladha ya barafu, na kwamba hakulia. Aliosha sufuria, akaenda kazini hotelini.

Unakumbukwa na mkeo Damaris, mama yako Nasieku, binti yako Naisula, ndugu yako Levis, na majirani wa Al Mansoura uliowalisha. Ijumaa hii Levis atashuka Al Wakrah na mshipi wako. Wa kwanza atampelekea Damaris.

Hatutakusahau, Laban, wala nyumba yako haitakosa samaki.