Kwa Baba Tabitha, Baada ya Kipaimara

Baba Tabitha, mume wangu,

Binti yako amepata kipaimara leo. Wageni ndio kwanza wameondoka, miguu imenivimba kwa kusimama jikoni, na nimechoka hata kukaa kunanichosha. Ningekusimulia kwa mdomo, lakini wewe umelala Kongowe na mimi niko huku Maneromango.

Unakumbuka kisima cha shuleni? Wachimbaji walipofikia mwamba, ulirudi nyumbani na pande la jiwe lililojaa magamba ya chaza, ukaliweka mezani kando ya ugali. Nikakugombeza. "Mama Tabitha, hapa palikuwa bahari," ukasema, huku unacheka peke yako. Ugali ukapoa. Kesho yake ukawaambia wanafunzi kuwa bahari haiji na kuondoka kwa wiki moja, na kwamba dunia ni kongwe kuliko tunavyodhani.

Jioni akaja baba yangu, mwinjilisti. Hata shikamoo yako hakuiitikia.

"Mungu aliumba kwa siku sita. Hizo nyingine wewe umezitoa wapi?"

Ukamfungulia Mwanzo, kwa upole wako ule. "Baba, imesimuliwa mara mbili. Sura ya kwanza miti inamtangulia mtu, sura ya pili mtu anaitangulia miti. Aliyeandika hakuona taabu, kwa nini sisi tuone?"

Nilijua pale pale kwamba umeharibu. Mzee hakuzoea kufunguliwa Biblia na mkwewe.

Wazee wa kanisa wakakunyang'anya darasa katika shule yao, wakakutenga na Meza ya Bwana mpaka utubu. Ukasema huna la kutubu, Mungu hujamkana. Ukaenda kuwa karani wa shamba la mkonge Kongowe, homa ikakuchukua huko, ukazikwa bila mchungaji. Mimi nikabaki katikati, binti wa huyu na mjane wa yule, kila Jumapili nikiketi kanisani na kuimba nyimbo zile zile.

Juzi Tabitha akaniuliza, "Mama, babu akiniuliza zile siku, nijibu la babu au la baba?" Kila mtu alijua atamwuliza, na kwamba akijibu kama wewe atarudishwa nyumbani bila kipaimara.

"Sema sita, mwanangu, tuishi," nikamwambia. Nguvu ya kugombana sina tena.

Leo kanisa lilijaa. Baba yangu, akiwauliza watoto mmoja mmoja, akafika mbele ya Tabitha. "Mungu aliumba ulimwengu kwa siku ngapi?"

Mtoto akainua uso.

"Biblia inasema sita, babu." Nikashusha pumzi. Kumbe hajamaliza. "Lakini mtu aliumbwa mwisho. Zile za mwanzo, nani alikuwepo kuzihesabu?"

Watu wakaguna. Baba akamtazama sana, kisha akatabasamu. Baba yangu, akatabasamu!

"Swali zuri, mjukuu wangu. Tutamwuliza Mwenyewe tukifika." Akapita kwa mwingine.

Wote wakamsifu mzee kwa hekima yake. Mimi nilipiga vigelegele na wenzangu, halafu nikaenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira. Namfurahia mtoto, Mungu anajua. Lakini kumbe jibu lile la kumwuliza Mwenyewe baba alikuwa nalo. Alikuwa nalo siku zote, wewe akakunyima.

Lala salama, mume wangu. Vyombo vyote bado vinaningoja.

Mkeo,
Mama Tabitha