Ng'ombe wa Mepukori

Kabuku, 14 Machi 1993

Mdogo wangu Muhidini,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila mguu bado unanisumbua. Wifi hajambo?

Mzee Mepukori amekuletea ng'ombe jike, kwa kuwa ulipopata uenyekiti wa mji hapo Korogwe uliwafungulia Wamasai mnada, wakauza mifugo yao bila kufukuzwa. Sasa sikiliza, maana nakujua kwa haraka zako. Ng'ombe wa namna hii kwao halipwi wala hachinjwi. Kuanzia leo atakuita Pakiteng, nawe umwite hivyo hivyo, ndiyo mmekuwa ndugu. Kama huna pa kumfuga, mwache kwangu.

Dada yako,
Zuena

Korogwe, 3 Aprili 1993

Shikamoo dada,

Pole na mguu. Sisi tupo, uchovu tu. Hapa Kilole watu wananigongea mlango kabla sijanawa uso.

Mlete huyo ng'ombe, nitamfuga hapa hapa. Mwambie Pakiteng nashukuru sana. Wananitaka nigombee uongozi mkoani. Nikipata, lile lambo mnalonyweshea na kuchota hakuna atakayeligusa. Hilo naahidi.

Mdogo wako,
Muhidini

Kabuku, 9 Oktoba 1994

Mdogo wangu,

U mzima? Hii barua ya tatu tangu ushinde, na jibu sijaona. Au ukubwa umekuziba masikio?

Wamekuja watu kusimika mawe ya mipaka, wamelizungushia lambo lote. Wanasema eneo kapewa mwekezaji. Mepukori kila akipita anauliza, "Pakiteng anasemaje? Ng'ombe wetu kazaa?" Nimjibu nini?

Dada yako,
Zuena

Tanga, 2 Novemba 1994

Shikamoo dada,

Natumaini mguu umepata nafuu. Mimi silali vizuri siku hizi, presha imepanda.

Ng'ombe tulimchinja siku ya sherehe ya ushindi. Wageni walizidi, nyama ikapelea, nikasema mchinjeni huyo. Maneno yako niliyakumbuka nimeshakula. Na lambo, dada, nami nilinyoosha mkono litolewe. Kikao kizima kilinyoosha, ningebaki peke yangu wangenimaliza. Tafadhali umweleze mzee taratibu. Nyie mnaelewana.

Mdogo wako,
Muhidini

Kabuku, 10 Novemba 1994

Muhidini,

Salamu. Simwelezi. Uso wa kumwambia maneno hayo naupata wapi mimi? Njoo mwenyewe. Mepukori na watu wake wanahama mwisho wa mwezi, maji hawana tena. Mtu akija kwa miguu yake akasema nimekosa, wale wazee humsikiliza. Nimemwambia unakuja, basi usinitie aibu.

Dada yako,
Zuena

Tanga, 28 Novemba 1994

Shikamoo dada,

Poleni na ukame. Nina kikao, sina namna. Namtuma dereva na ng'ombe mwingine, mzuri kuliko yule, wa maziwa. Mpe mzee, mwambie yaishe.

Mdogo wako,
Muhidini

Kabuku, 5 Desemba 1994

Mdogo wangu,

Huku tupo. Maji tunafuata mbali, na mguu wenyewe ndio huu.

Mepukori aliahirisha safari siku mbili akikungoja wewe, mifugo ina kiu. Gari lilipofika aliinuka, akajifunga shuka vizuri, akasogea barabarani kukupokea. Akashuka dereva peke yake. Basi nikamweleza yote pale pale, na mkewe Nasha anasikia. Kumbe uso nilikuwa nao. Hakukasirika, na ndilo linaloniumiza. Ng'ombe wako hata hakumgusa.

Walipoanza kuondoka nikamfuata, nikamwuliza nikuandikie nini. Akasema, "Usiandike kitu, mama. Mimi sina mtu Tanga."

Ng'ombe nimemfunga hapa uani, tuma mtu amchukue. Nimekuandikia kwa kuwa mimi bado nina mtu Tanga, na nimechoka naye.

Dada yako,
Zuena