Kaka Nasoro na Pepa ya Kemia

Jumamosi. Mawingu yametanda Kariakoo tangu asubuhi, joto halipungui, na pepa yetu ya Kemia, ya mtihani wa kidato cha nne, ni Jumanne.

Ngoja niseme ukweli, maana huku mtandaoni hakuna anayenijua. Sijui kitu.

Miezi mitatu nimepiga msuli hapa dukani kwa mama, juu ya mabelo ya vitenge. Daftari la Kemia nimelisoma mara nne, nimelipaka maka ya njano hadi hakuna mstari uliobaki mweupe. Kila ukurasa nikiufungua naona huu naujua. Kumbe nilizoea sura yake tu.

Leo wateja walikuwa wachache. Mama, aliyeishia darasa la saba kule Moshi, akaninyang'anya daftari, akalifunga. "Haya, nifundishe."

Nikaanza kwa mbwembwe na sentensi niliyoitunga ili nikumbuke metali kwa mpangilio wa ukali wake: Kaka Nasoro Cheka, Mangi Alifunga Zamani. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu akauliza, "Sasa huyo Nasoro ni metali gani?"

Jamani! Sentensi naijua kama jina langu, ila kila neno linasimamia nini, sijawahi kujiuliza tangu siku niliyoitunga.

Aibu ilinishika. Nikachana boksi tupu, nikaandika yote ninayokumbuka bila kuchungulia. Hayakujaza hata robo. Nikalinganisha na daftari, nikasahihisha, nikafunga, nikaandika upya. Mara ya tatu Nasoro akawa sodiamu. Hivi ndivyo nilivyopaswa kusoma tangu mwanzo: funga, jiulize, andika, urudie kesho yake. Nimekuja kuijua njia hii zikiwa zimebaki siku tatu. Nikajaribu na Bayolojia. Mambo yaleyale. Naogopa sana.

Alasiri akaja dada mmoja wa Buguruni. Mama alishamwahidi kazi ya kuuza dukani, ashike nafasi yangu nikienda kidato cha tano. Alikuja kuuliza aanze lini.

Mama alinitazama nilivyoinamia boksi. Akamjibu taratibu, "Subiri kwanza, mwanangu. Tuone matokeo ya huyu."

Wiki iliyopita mama huyohuyo alimwambia ajiandae kuanza.

Nimejifanya sikusikia, nikachana boksi jingine. Hivi siku tatu zinatosha kweli?