Mayai Thelathini ya Bwana Njoroge

Makongeni, Nairobi
Alhamisi jioni

Kwako dada Akinyi,

Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Mgongo wa Mama unaendeleaje tangu mvua zianze? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo unanidunda hata mwandiko wenyewe unauona umepinda. Tafadhali msomee Mama mpaka hapa tu. Yanayofuata ni yako.

Unamkumbuka Bwana Njoroge, mkuu wangu ofisini, ambaye barua yangu ya kuajiriwa kwa kudumu inangoja sahihi yake. Alipokwenda likizo Mombasa aliniachia ufunguo wa nyumba yake ya Buruburu nimtunzie samaki anaowafuga katika matangi mawili ya kioo. "Wewe mtu wa ziwa, samaki unawajua," alisema. Nami nikaitikia kwa maringo, ilhali samaki ninaowajua ni wale wa kwenye beseni lako sokoni.

Dada, hawa ungewacheka. Ni kambare, lakini hawapiti kidole gumba, na wameletwa kwa ndege kutoka Amerika ya Kusini. Hawatelezi kama kambare wetu. Ubavuni wana magamba magumu safu mbili, yamepandana kama mabati. Alinionyesha namna ya kuwatambua: wa tangi la kushoto mstari mweusi unawapita mgongoni hadi mkiani, wa kulia mstari unakatikia njiani, nisije nikawachanganya. Hilo nililishika. Kila nikitoka kazini nilipita kuwalisha, nikawatazama wakipekua mchanga kwa sharubu zao, hata nikaanza kuwapenda.

Aliniachia karatasi pia. Mstari wa mwisho: "Ukiona mayai, usiyaguse." Jikoni palikuwa na trei nzima ya mayai ya kuku. Niliudhika, nikajiambia huyu ananidhania mwizi. Sikugusa hata moja.

Juzi Jumanne nikakuta kioo cha tangi la kushoto kimejaa vidoa vyeupe kwa ndani, kama punje za mtama. Nikadhani ni ugonjwa. Nikachukua kitambaa, nikaingiza mkono majini, nikapangusa mpaka kioo kikang'aa.

Leo asubuhi simu ikalia ofisini. Ni yeye.

"Habari ya huko? Umeona mayai?"

"Nimeyaona, mzee. Yote thelathini yako salama."

"Thelathini!" Alipiga kelele nikaondoa simu sikioni. "Miaka miwili nangoja! Wameyabandika kwenye kioo?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Na unajua nilijibu nini? Nilisema, "Ndiyo, mzee, kwenye kioo."

Amekatiza likizo. Anarudi Jumamosi na rafiki zake wafugaji samaki, waje kuyaona. Otieno ninayekaa naye chumba kimoja ananiambia, "Wee, sema tu samaki wenyewe wameyala. Nani atajua?" Nimelifikiria sana, sikufichi. Leo kutwa kila simu ilipolia ofisini niliruka.

Nisalimie shemeji, na shangazi aliyenishonea shati la kazi, na bibi yetu umshike mkono kwa niaba yangu. Mama mwambie sijambo.

Jumamosi nitamngoja mlangoni, nimwambie kabla hajaingia ndani. Barua yangu anaweza kuirarua, na hilo linanitisha. Lakini kinachonitisha zaidi, Dada, ni kwamba atashuka garini akicheka, na atanipa mkono kwanza.

Mdogo wako,
Ouma