Nani Atamwambia Baba "Must"?

Mama yangu,

Wiki iliyopita Baba alikataa kukatwa kidole cha mguu. Daktari alishasema sukari imekiharibu, kikiachwa ugonjwa utapanda, lakini Baba alikaa kitini mwake hapa Makongeni akawa kama hasikii. Nikajua anasubiri neno lako.

Unakumbuka ulivyotuendesha kwa Kiingereza chako cha maneno mawili. Ukisema "lazima," mimi na ndugu yangu Muthama tulijua bado kuna nafasi ya kubembeleza. Lakini ukishasema "Vyombo ni must," hata Baba alizima redio akanyanyuka, ingawa vyombo havikuwa vyake. Na ukitaka kutupa raha kidogo, mandazi ya pili au kuchelewa kuoga, ulisema "Haya, nimewaallow." Baba naye alipanga foleni pamoja nasi. "Mama Ndinda, niallow kijiko kimoja tu cha sukari." Ulimtazama mpaka akacheka, halafu ukamwekea. Sasa naona ungemnyima tu, lakini wakati ule nani alijua?

Jirani yetu Mama Zuhura, na Kiswahili chake kizuri cha Mombasa, alikuwa anaumia masikio. "Jamani, 'nimekuruhusu' imewakosea nini?" Ukamjibu, "Hiyo ni ya chifu na padri." Haikupita muda akasimama mlangoni kwetu, "Mama Ndinda, niallow jiko lako kidogo," nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukampa, ukamwambia kulirudisha kabla ya saa kumi ni must. Ndivyo ulivyokuwa. Hukuwahi kumpa mtu allow bila must.

Basi wiki iliyopita nilianza na lazima. Baba akaniambia nimpishe aone taarifa ya habari. Mchungaji alikuja akaomba, Baba akasema amina kwa sauti kubwa na mguu ukabaki palepale. Muthama akapiga simu kutoka kazini, nikaiweka spika. "Buda, must uende hosi! Hii si mchezo!" Baba akakata simu. "Huyo ananiambia must kama nani?"

Nilikasirika, Mama. Nilimwambia akitaka kufa afe, ila aniambie mapema. Ndipo akasema kilichokuwa moyoni.

"Mkishanikata mtanipeleka Machakos nikae na kuku wa shangazi yako."

Ilikuwa kweli. Mimi na Muthama tulikuwa tumeshapanga, na shangazi alishaandaa kitanda. Sijui alisikia wapi. Alinyoosha mkono akagusa ukuta, akaongea kwa sauti ambayo sijawahi kusikia kwake. "Niallow nirudi hapa, Ndinda. Hiyo tu."

Aliomba kama anayeomba kijiko cha sukari. Lakini yeye na mimi tulijua ukubwa wa ombi hilo, maana mtu mwenye mguu kama ule hawezi kukaa peke yake, na Muthama ana mke na watoto kwenye nyumba ya chumba kimoja. Nilibaki mimi. Na mimi nilikuwa na chumba nilichopanga mtaa wa Ziwani. Hukukiona. Nilikipata ulipotutoka, baada ya ile miaka ya kukuuguza, na kilikuwa mahali pa kwanza maishani mwangu ambapo nikiacha kikombe mezani nakikuta palepale. Nilikipenda. Nakuambia wewe kwa sababu hapa hakuna wa kumwambia.

Baba alikuwa ananingoja. Kisha nikasema, "Nimekuallow, Baba. Utarudi hapa na mimi nitahamia. Lakini kesho hospitali ni must."

"Sawa," akasema, na kuniuliza soksi zake safi ziko wapi.

Kidole kimekatwa na kidonda kinaendelea vizuri. Anawasumbua manesi kuhusu chai, kwa hiyo yuko mzima. Jana nilimpigia mwenye nyumba wa Ziwani kumwambia narudisha chumba, naye akanitakia heri, mtu mzuri tu. Nikaingia jikoni kwako nikafunga mlango nikalia. Sikumlilia Baba, Mama, wala sikukulilia wewe, ingawa nimekukumbuka sana. Nilikililia chumba changu.

Pumzika. Huku nipo.

Binti yako