Kitambaa Juu ya Meza ya Ambani

Ijumaa. Asubuhi jua kali, saa tisa mvua, na furaha yangu imepita katika yote mawili bila kulowa.

Shajara yangu, nina mume. Najua nimekuambia hivyo kila siku tangu harusi, wiki ya tano sasa, lakini leo nina sababu. Nusura aondoke.

Ngoja nitulie nieleze.

Kabla ya kunioa, Ambani alikuwa akifanya kazi Nairobi. Tulikubaliana kwamba asipopata kazi hapa Kakamega kufikia mwisho wa wiki hii, atarudi huko, na mimi nitakuwa nikimwona mara moja kwa mwezi. Kazi aliyoiomba ni ya kufundisha watu wazima kompyuta kupitia mtandao, akiwa nyumbani. Walitaka kitu kimoja tu: arekodi somo la dakika kumi la kuchapa barua, aongee huku akichapa, alitume kabla ya leo saa sita mchana.

Jana akaketi kurekodi. Sauti yake, ile iliyonifanya nisahau mahubiri siku ya kwanza alipoomba kanisani, ilitoka tamu kama kawaida. Mpaka alipogusa kibodi.

Krr.

Kila herufi aliyobonyeza, sauti ilikwaruza na neno likakatika. "Karibuni krr, leo tuta krr." Vidole vikitulia, sauti safi. Vikianza kuchapa, ni kama mtu anakaanga mahindi ndani ya maiki.

Alijaribu kila kitu. Alizima kompyuta akaiwasha. Alifunga programu zote. Alipunguza nguvu ya maiki, akidhani inanasa kelele za vidole, lakini nilikuwa nikisikiliza na niliona si vidole, ni maneno yenyewe yanayokatwa. Akaazima kibodi ya jirani, nami nikaichomeka nyuma ya meza mahali pa ile yake. Krr ileile. Jioni alishusha begi kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja shati.

Sasa naungama.

Nilikuwa nimeshajua. Alipokwenda kurudisha kibodi ya jirani, mimi nilijaribu herufi zilizo kwenye kompyuta yenyewe. Ambani huwa hazitumii kwa sababu A na N zilikufa chai ilipomwagika. Nilibonyeza zile zilizobaki huku nikiongea, kisha nikasikiliza. Hakuna krr hata moja. Basi ugonjwa haukuwa kwenye kibodi wala kwenye maiki. Ulikuwa katika njia ambayo hivyo viwili vinapitia kuingia kwenye kompyuta.

Na njia hiyo niliitengeneza mimi.

Mama mkwe alipokuja mara ya kwanza baada ya harusi, alisimama mlangoni akatazama meza ya Ambani, waya zikining'inia kila upande. "Hii ni nyumba ya bibi harusi," akasema, "ama ni duka la fundi redio?" Watu walicheka. Nilicheka pia, lakini masikio yaliniwaka. Kwa hiyo Jumatano hii, kabla hajafika na kuku wake mkononi, nilichomeka maiki na kibodi pamoja kwenye kidude kimoja cha matundu manne, waya moja tu ikaingia kwenye kompyuta. Kidude nikakificha nyuma, juu yake nikatandaza kitambaa cheupe walichonifumia shangazi zangu kwa ajili ya harusi. Mama mkwe akakipapasa. "Sasa hapa kuna mke," akasema.

Nilitembea na maneno hayo siku nzima kama taji. Ndiyo maana jana nilinyamaza. Nilimwona mume wangu akikunja shati la pili na bado nikanyamaza, eti nisionekane mke aliyeharibu kazi ya mumewe kwa urembo wa meza. Sikulala vizuri.

Leo saa tatu asubuhi nikashindwa. Nilisimama mbele yake na birika mkononi.

"Ambani, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Nikainua kitambaa. Akatazama kidude, akatazama zile waya mbili zilizobanana pale, akanitazama mimi. Nilingoja anigombeze.

"Yaani wewe bibi yangu," akasema, "umefunika ugonjwa na kitambaa cha harusi!" Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nililia kwanza, kisha nikacheka naye.

Tuliondoa kidude. Maiki ikapata tundu lake upande wa kulia wa kompyuta, kibodi upande wa kushoto. Akawasha rekodi; mimi nikabonyeza, yeye akaongea kujaribu. "Moja, mbili, tatu." Hakuna krr. Akaendelea: "Huyu anayebonyeza ni mke wangu. Ananificha mambo, lakini chai yake haina mpinzani." Kicheko kilinifanya nibonyeze herufi zote kwa pamoja, na sauti yake ikapita katikati ya herufi hizo safi kabisa.

Rekodi hiyo nimeihifadhi. Sitaifuta milele.

Somo lilitumwa saa sita kasorobo. Jibu lilikuja pamoja na mvua: aanze Jumatatu. Safari yake ya kwenda kazini itakuwa kutoka chumbani hadi ile meza. Nimeipima. Hatua tisa.

Asante Mungu kwa mwanamume anayecheka mahali ambapo mwingine angefoka. Asante kwa begi lililorudi juu ya kabati likiwa tupu. Yale mashati mawili nimeyapiga pasi upya, ingawa hayakuwa na kosa.

Kitambaa nimekihamishia juu ya redio. Waya zimerudi kuning'inia, na ninavyoziangalia naziona nzuri ajabu. Jumapili mama mkwe anakuja kula kwetu. Najua atasimama palepale mlangoni aulize fundi redio amerudi lini.

Safari hii sitaficha kitu. Nitamsimulia yote, tangu kidude hadi begi, kisha nitamjibu: hakuondoka, mama. Yupo.