Fidla Ambayo Sikuisikia

Kitale, Jumapili

Kwako mayi mpendwa,

Mulembe. Goti lako linasemaje na baridi hii? Na ng'ombe ameshazaa, ama bado anatuchezea? Mimi nguvu ninazo na chakula kinapita. Nekesa dadangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali hata ukiona pabaya.

Mayi, najua umenikasirikia. Uliponipigia simu nilikujibu, "Ni vizuri, mayi, Mungu ashukuriwe," kisha nikakata. Kumbe ulikuwa ukiniambia mama mdogo Nafula ametuacha. Ujumbe wa Nekesa ulinifikia mazishi yameshapita, na anasema hapo kijijini Matulo nzima inanisengenya, ati mji umeniharibu. Nililia sana. Mayi, sikusikia. Kwenye simu ninapata mvumo tu, kama posho mili inayosaga unga ng'ambo ya mto, na kwa aibu nimekuwa nikiitikia "ndiyo" na "vizuri" kwa kubahatisha. Masikio yangu yamekufa.

Unajua mchana napasua mbao kwa mashine, na jioni natengeneza fidla. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua moja iliyovunjika niliyopewa kanisani, nikaichungulia tumbo, nikachonga yangu. Ile ya kwanza ililia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua, lakini nilijifunza. Kazi yote iko kwenye ubao wa mbele. Unaukwangua kidogo, unaugonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Ukishalia vizuri unaacha hapo hapo.

Mwezi uliopita nilikuwa nakwangua ubao wa sipres wa fidla ya mwalimu wa kwaya wa Mabanga. Nagonga, kimya. Nakwangua tena, nagonga, kimya. Nikailaumu mbao, nikasema bado ni mbichi. Barasa, fundi wa viatu ninayekaa naye kibanda kimoja, akaninyang'anya na kunipigia kelele sikioni: "Bana, si hii kitu imelia tangu asubuhi! Unataka itoboke ndio uamini?"

Nikauinua ubao juani. Mwanga ulikuwa unapita.

Barasa alinipeleka kwa daktari wa masikio, na majibu nikayapata kwa kelele za Barasa vilevile: mashine imeyala, na hayarudi. La kuvunda halina ubani, mayi.

Nikachonga ubao mwingine. Safari hii niliuma ukingo wake kwa meno huku nikiugonga, nipate kuhisi unavyotetemeka kwenye taya. Sauti nzito ninazipata. Nyembamba zinanipotea. Mwalimu alipokuja kuichukua fidla aliicheza kidogo, akatazama chini. "Fundi, pole," akasema. Hilo nililisoma mdomoni. Akaiacha mezani akaenda zake. Simlaumu, kwaya haiwezi kuimba na fidla ya kuonewa huruma. Lakini naogopa, mayi. Kupasua mbao hata kiziwi atapasua. Fidla ndiyo ilikuwa inanifanya nijione mtu, na sijui kama nitaweza kutengeneza nyingine.

Jumamosi nitakuja kumlilia mama mdogo kaburini. Nisalimie kaka Simiyu na shemeji anayekutekea maji. Mjomba Wanyama mwambie namkumbuka, na utani wake auweke kando kwanza. Baba mdogo, mume wa marehemu, mwambie nitapiga magoti mbele yake, na kabla sijafika umweleze lile neno "vizuri" lilitoka wapi. Mimi nikijaribu kumweleza nitashindwa.

Na wewe mayi, nakuomba jambo. Ukiniona nakuja usiniite. Tangu utoto wangu umekuwa ukiniita ukiwa jikoni, nami naitika nikiwa bado huko mtoni. Sasa toka nje, uje mpaka niliposimama, unishike bega.

Ni mimi mwanao,
Wekesa